Wazee tunaohudumia mahujaji Namugongo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Huu ni mwaka wa tatu tangu mimi na mume wangu tuhamie Namugongo kuhudumia mahujaji. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mimi nilikuwa muuguzi na mkunga, na wote wawili tulistaafu tukiwa Jinja. Kwa sasa tuko wazee saba. Maswali haya tunaulizwa na wazee wenzetu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanaofikiria kuja, na watoto wetu wenyewe, na mahujaji wanaotukuta tumeshika ufagio. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Sisemi kwa niaba ya ofisi ya kituo cha hija. Mambo ya ratiba za misa na vibali waulize wao.

Namugongo ni wapi, na pana nini hasa?

Ni katika wilaya ya Wakiso, ndani ya manispaa ya Kira, kilomita 15 hivi kaskazini mashariki ya katikati ya Kampala. Zamani palikuwa mahali pa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, pa kuulia watu. Alhamisi tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, vijana waliokuwa wakitumikia katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Pili walichomwa moto hapa kwa sababu walikataa kuiacha imani yao. Mashahidi wa Uganda wanaojulikana ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Hawakufa wote hapa wala siku moja. Mauaji yalianza Januari 1885 yakaisha Januari 1887. Lakini Namugongo ndipo walipokufa wengi kwa pamoja.

Basilika unayoiona kwenye picha, yenye umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, ilichorwa na Mswisi aitwaye Justus Dahinden na ikazinduliwa tarehe 3 Juni 1975. Imebebwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare iko pale pale Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao, alipochomewa. Mapapa watatu wamefika hapa: Paulo wa Sita mwaka 1969, Yohane Paulo wa Pili mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015. Eneo la Waanglikana liko mwendo mfupi tu kwa miguu, nalo usiondoke bila kulitembelea.

Nyinyi ni watawa?

Hapana. Ni walei, wengi wetu ni wanandoa au wajane, na hatujaweka nadhiri yoyote zaidi ya zile za ndoa. Watu wanatuita Jajja, yaani bibi au babu kwa Kiganda, na Waswahili wanatuita mzee na mama. Mtu akiniita sista namsahihisha polepole, kwa sababu masista wapo na kazi yao ni nyingine.

Siku yenu inakwendaje?

Naamka saa kumi na moja alfajiri, kwarara wakianza kelele zao. Huyu ndege ana sauti ya kuamsha hata mgonjwa. Mume wangu anawasha jiko, mimi nanywa dawa yangu ya presha, tunasali kwa kifupi, kisha tunashuka na fagio zetu za vijiti kabla jua halijachomoza. Kufagia majani hakuna anayetulazimisha. Tulianza wenyewe kwa sababu tuligundua kwamba mtu aliyesafiri usiku kucha kutoka Gulu au Kisumu, akishuka garini akamkuta mtu anafagia, anajua amefika mahali panapotunzwa. Anatulia.

Baada ya misa ya asubuhi tunakunywa chai ya maziwa na viazi vitamu au mihogo. Saa tatu mabasi ya shule yanaanza kuingia. Hapa nawasihi wote wanaotaka kuja: jambo la kwanza si historia, jambo la kwanza ni choo na maji. Nimeona waelekezaji wazuri, wenye elimu kubwa, wakisimulia habari za Karoli Lwanga kwa watoto 60 ambao kila mmoja anabana miguu. Watoto wale hawakusikia neno. Sisi tunawapanga kwanza, wasichana huku na wavulana kule, wananawa, wanakunywa, wanakaa kwenye nyasi, ndipo mume wangu anasimama mbele yao na kuwauliza: "Nani hapa ana miaka 14?" Mikono inanyanyuliwa. Anawaambia Kizito, mmoja wa mashahidi, alikuwa na miaka hiyo. Baada ya hapo hahitaji kupaza sauti.

Mchana jua ni kali na watu hupungua. Tunakula, tunapumzika. Kuanzia saa tisa hivi wanakuja wale wanaokuja peke yao, na hao ndio ninaowangojea. Mama anakaa kwenye benchi saa nzima bila kufungua kitabu cha sala. Kijana anazunguka basilika mara tatu hajaingia. Siendi kuwahutubia. Nakaa benchi hiyo hiyo, mwisho wake mwingine, na rozari yangu. Mara nyingi hakuna linalosemwa. Mara nyingine mtu anaanza, "Mama, mtoto wangu..." na hapo kazi yangu ni kusikiliza mpaka amalize. Nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na kule pia nilijifunza kwamba mtu mwenye uchungu hataki maneno mengi, anataka asiachwe.

Jioni tunazunguka kuokota vilivyosahaulika na kuviandika kwenye daftari. Ukurasa wa juzi unasema: mwavuli wa kijani, ubavu mmoja umevunjika. Kiatu cha mtoto, mguu wa kushoto. Rozari nne. Kitambulisho kimoja, kimepelekwa ofisini. Miwani ya kusomea imefungwa kwa uzi mweusi. Yule wa miwani alirudi siku ya pili kwa boda boda kutoka Mukono, akaipokea kwa mikono miwili.

Kwa nini wazee? Vijana hawawezi kufanya kazi hiyo?

Wanaweza, na wapo, na wana nguvu kuliko sisi. Swali hili niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu lililonituliza ni hili: waliokufa hapa walikuwa watoto na vijana. Karoli Lwanga mwenyewe, aliyekuwa kiongozi wao, alikuwa na miaka ishirini na kitu. Yeye ndiye aliyembatiza Kizito kule Munyonyo usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, walipojua kwamba kukikucha wataitwa mbele ya Kabaka. Katika mashahidi wote Wakatoliki, mkubwa kwa umri alikuwa Matia Mulumba Kalemba, aliyekaribia miaka 50, na yeye hakufia hapa. Alifia njiani, Kampala ya Zamani, baada ya mateso ya siku kadhaa. Mume wangu ana miaka 71. Mimi 68. Hapa tunawatunza wajukuu.

Fikiria habari ya Mbaga Tuzinde. Kijana huyu alilelewa katika nyumba ya Mukaajanga, mkuu wa wauaji. Mzee yule alimsihi aikane dini au akubali kufichwa, kijana akakataa, na mwishowe akapigwa rungu kabla ya kuwekwa kwenye moto ili asiteketee akiwa hai. Nikisimulia hapo sauti yangu hubadilika, sijaweza kuizoea, na sitaki kuizoea. Watu wazima walikuwa wengi siku ile: machifu, wapiga ngoma, ndugu, wauaji. Watoto hawa walizungukwa na watu wazima na bado walikuwa peke yao. Mimi nimezaa watoto watano na nimewapokea wa wenzangu wengi kwa mikono hii. Naona ni haki kabisa kwamba leo wazee wakae hapa, wafagie, wawangojee watoto wanaoshuka mabasini, wawape maji.

Kiswahili kina kazi gani hapo? Si Waganda hawakipendi?

Tuseme ukweli. Baba yangu alikuwa askari, nimekulia kambini, na Kiswahili nilikinyonya huko. Lakini watu wengi wa rika langu huku Buganda walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mtu wa namna hiyo ukimrukia na "Habari yako?" anasikia amri. Kwa hiyo kwa mwenyeji naanza na Kiganda, napiga magoti kama inavyompasa mwanamke kumsalimu mkubwa wake, na Kiswahili nakiacha kije chenyewe.

Wanaokihitaji kweli ni wageni. Mahujaji kutoka Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo wanafika wamechoka, hawajui Kiganda, na wengi wao Kiingereza kinawapiga chenga. Wakisikia "Karibuni, poleni na safari" nyuso zinafunguka. Hata ndani ya Uganda yenyewe, ukimkutanisha mtu wa Arua na mtu wa Tororo, mara nyingi lugha yao ni hii. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, walimu nao wananiomba nizungumze nacho mbele ya wanafunzi wao.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami hulisema kila nikipata nafasi. Dini hii ilipofika kwenye ikulu ya Buganda ilisemwa kwa Kiswahili kwanza. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikijua kutoka kwa wafanyabiashara wa Unguja na pwani. Mwaka 1875 Stanley, yule msafiri mzungu, alimwacha kwake kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomea shule ya misheni Unguja, awe mwalimu na mwandishi wake. Wamisionari wa Kiingereza walipofika mwaka 1877, na Wakatoliki, Padre Lourdel na Bruda Amans, mwaka 1879, Kiganda hawakukijua; Mackay, mmisionari wa Waanglikana, aliwafundisha vijana wa ikulu kwa kutumia sehemu za Biblia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na Askofu Steere wa Unguja, huku kazi ya kutafsiri kwa Kiganda ikisonga. Ndiyo maana mpaka leo Mganda anasema *ekitabo*, anasema *eddiini*, anasema *essaala*.

Bibi mmoja kutoka Masaka alinisikia nikiongea na Wakongo akageuza uso. Jioni nilikwenda kumpigia magoti, nikamsalimu kwa lugha yake. Aliniuliza kwa nini naongea lugha ya wanajeshi. Nilimwonyesha kitabu chake cha sala, nikamuuliza anakiitaje. "Ekitabo." Nikamwambia nasi tunakiita kitabu. Alikigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Hakusema kitu, lakini alisogea kwenye benchi nikakaa.

Mahujaji wanauliza nini zaidi?

Wanauliza kwa nini Mwanga aliwaua. Mtu akitaka jibu la neno moja namwomba akae.

Mwanga alitawazwa mwaka 1884 akiwa kijana. Alikuta ikulu imejaa pande zinazovutana: Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, na machifu waliotaka mambo ya kale. Huko pwani Wajerumani walikuwa wanajitwalia ardhi, na alipopata habari kwamba mzungu anakuja kupitia Busoga aliona ni uvamizi; ndivyo Askofu Hannington wa Waanglikana alivyouawa Oktoba 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo na pia aliwakinga vijana wasiitwe kwenye chumba chake. Tarehe 15 Novemba mwaka ule ule naye akauawa. Karoli Lwanga alichukua nafasi yake na akaendelea kuwakinga. Basi kuna hofu ya wageni, kuna kiti cha enzi, na kuna tamaa ya mtu ambaye hakuzoea kuambiwa hapana. Kwa watoto wadogo tunasema Kabaka aliwataka wafanye machafu wakakataa. Kwa wakubwa tunasema wazi kwamba aliwataka kimwili. Nimewahi kuombwa na mwalimu niiruke sehemu hiyo, nikamwambia kwa upole kwamba katika darasa lake huenda yupo mtoto anayehitaji kusikia kwamba mtu mkubwa anaweza kukataliwa.

Swali linalofuata ni tumejuaje haya yote. Kuna vijana waliofungwa ndani ya mafungu ya matete kama wenzao, tayari kuchomwa, kisha wakatolewa dakika za mwisho. Mmoja ni Denis Kamyuka. Waliona kwa macho yao, na wakaja kutoa ushuhuda.

Na watoto, karibu kila kundi, wanauliza: Mwanga je? Tunawaambia alikufa uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, baada ya kubatizwa kwa jina la Danieli, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1910 ukazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka. Darasa lote hunyamaza. Msichana mmoja wa darasa la sita alimuuliza mume wangu kama Mwanga yuko mbinguni. Akamjibu, "Hilo, mwanangu, muulize Kizito." Msichana akaenda, akasimama mbele ya sanamu, midomo ikicheza.

Maji ya lile ziwa yanaponya?

Chini ya basilika kuna ziwa dogo, na mahujaji huteka maji yake kwa chupa na majerikeni kupeleka nyumbani. Siwakatazi. Mtu anayebeba chupa ya maji mpaka Kitgum amebeba sala yake na ya jirani zake. Lakini mimi ni muuguzi, na ninasema bila kuzunguka: ukitaka kuyanywa, yachemshe. Na usiache dawa. Mwaka jana nilimkuta mama aliyeambiwa na mtu njiani kwamba akinywa maji haya vidonge vyake vya presha havina kazi tena. Alikuwa amekaa siku nne bila kuvimeza, kichwa kinamgonga, macho mekundu. Tulimpeleka kupimwa jioni ile ile. Alipata nafuu, akarudi kushukuru, na chupa yake ya maji akaondoka nayo, imejaa, na vidonge vyake mfukoni.

Tarehe 3 Juni inakuwaje?

Jiandae mwezi mzima. Ni sikukuu ya taifa, na umati unaokuja sijaona mfano wake. Kila mwaka jimbo moja linapewa kuongoza ibada, na waumini wake wanakuja kwa miguu. Wengine wanatembea siku mbili, wengine majuma mawili na zaidi, kutoka magharibi, kutoka kaskazini, kutoka Kenya na Tanzania. Kuanzia juma la mwisho la Mei uwanja unajaa mikeka, masufuria, watoto, nyimbo za usiku. Mvua ikinyesha kila kitu kinakuwa matope mekundu.

Sisi wazee kazi yetu siku hizo ni miguu. Tunapanga mabeseni chini ya turubai, maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na taulo. Mwaka wangu wa kwanza alifika mzee kutoka upande wa Kenya, amevaa lugabire, zile ndara za matairi. Ukanda wa kulia ulikuwa umekula nyama ya kidole gumba, na soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Ukiivuta unamchuna. Nililowesha soksi na mguu pamoja, nikangoja, nikaongeza maji, nikangoja. Ilichukua karibu nusu saa soksi kuachia yenyewe. Muda wote huo alikuwa ananisimulia mashamba yake ya mahindi, na kwamba mke wake aliyefariki ndiye aliyekuwa ameweka nadhiri ya kutembea, kwa hiyo amekuja kuilipa yeye. Malengelenge ambayo hayajapasuka tunayaacha, hatutoboi. Tunasafisha, tunakausha, tunafunga kitambaa laini. Wengi wanataka yatobolewe wapate nafuu mara moja. Kataa. Kidonda kilicho wazi kwenye matope yale ni balaa.

Tarehe 4 hakuna anayepiga picha. Ni chupa za plastiki kila mahali. Njooni pia tarehe 4, naomba.

Mnakaa wapi, mnakula nini, nani anawalipa?

Hatulipwi. Tumepanga vyumba viwili jirani, tunaishi kwa pensheni zetu, na watoto wanaongezea. Pensheni ikichelewa, nayo hukawia, tunakula posho, yaani ugali, na maharage mpaka ifike. Siku za kawaida ni matoke na mchuzi wa karanga, dodo (mchicha), na mukene (dagaa) mara moja moja. Mzee anayetaka kuja asije akitegemea kituo kimlishe. Aje ana chake, hata kama ni kidogo.

Afya inaruhusu?

Inaruhusu ukijijua. Namugongo si mlima, lakini kushuka na kupanda kutoka ziwani mara sita kwa siku magoti yanasema. Tumegawana: asiyeweza kutembea anakaa langoni kupokea, anayeweza anasindikiza. Tuna mwenzetu haoni vizuri, yeye anasalisha rozari kwa lugha nne. Dawa zako uje nazo za miezi miwili angalau, pamoja na cheti cha daktari wako.

Mume na mke mchana kutwa pamoja, hamchokani?

Miaka 40 ya kazi tulionana jioni tu. Mwanzoni hapa alinisahihisha mbele ya wageni kuhusu tarehe, nikanuna siku mbili. Tangu hapo tumekubaliana: akisimulia yeye, mimi nagawa maji, nikisimulia mimi, yeye anakaa nyuma na wale wanaosinzia.

Mkifiwa nyumbani?

Mnakwenda. Tarehe 2 Juni mwaka jana alifariki dada wa mume wangu kule Iganga, na umati ulikuwa umeshajaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake mdogo, akiniangalia. Nilimwambia nenda, mashahidi watakuelewa. Alizika, akarudi tarehe 5, na mahujaji waliokuwa bado wapo walimchangia rambirambi, watu wasiomjua hata jina. Zile noti zilizokunjwakunjwa tulizipeleka kwa watoto wa marehemu.

Mimi si Mkatoliki. Nitakaribishwa?

Ndiyo. Moto wa tarehe 3 Juni haukuwatenganisha Wakatoliki na Waprotestanti, na jirani zetu Waanglikana tunasalimiana na kuazimana mabeseni. Muislamu naye ana historia yake hapa: miaka kama kumi kabla ya 1886, Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu wa ikulu yake waliokataa kula nyama isiyochinjwa kwa sheria yao. Mimi huwa nawataja. Hatumshawishi mtu abadili dini. Akitaka kuuliza anauliza, akitaka kukaa kivulini anakaa.

Kipi kigumu zaidi?

Wale wanaokuja kuomba mtoto apone, kisha mwaka unaofuata wanarudi bila mtoto. Wamerudi watatu tangu nianze. Mmoja alinitafuta kwa jina. Sikuwa na la kumwambia, nami sikulitafuta. Tulikwenda pamoja pale kwenye ziwa, akavua viatu, akaweka miguu majini, nami nikaweka yangu. Tulikaa mpaka jua likazama. Aliporudi kwenye basi lao aliniachia leso yake, ile ya maua ya manjano. Naivaa siku za Ijumaa.

Nikitaka kuja kuhudumu, nianzie wapi?

Anza kwa paroko wako. Upate barua yake inayokutambulisha, maana hakuna anayepokea mtu mzima asiyejulikana kukaa na watoto wa shule. Kisha njoo kama hujaji wa kawaida, ukae siku tatu nne, si mwezi wa Juni bali mwezi mtulivu kama Februari au Agosti. Tembea na sisi. Ukiona unafaa na moyo umetulia, nenda ofisini ukajitambulishe.

Kwenye mzigo wako weka kitambulisho, dawa, tochi, sweta la alfajiri, viatu ambavyo miguu yako imeshavizoea, na gambuti. Mei hapa ni matope. Ufagio usilete, tunao wa ziada nyuma ya mlango.